Tunza Pampu ya Boti ya Jeti: Maji Baridi Nayo Hula Metali

Boti ya jeti haina propela inayoning'inia nje. Pampu yake hufyonza maji kupitia kichungio kilicho chini ya boti, impela huyasukuma, nayo hutoka nyuma kwa nguvu na kuipeleka boti mbele. Mfumo huu, ulioendelezwa na Bill Hamilton wa New Zealand miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye kina kifupi, huiwezesha boti kupita mahali ambapo nyingine hukwama. Ubaya wake ni kwamba kutu huanzia ndani, ambako macho hayafiki kwa urahisi.

Wengi wanaoendesha boti ziwani na mtoni huamini kutu ni shida ya watu wa pwani. Ni kweli maji ya bahari hula metali haraka zaidi, lakini maji baridi nayo yana madini yanayopitisha umeme, tena hayalingani. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi kuliko ya Ziwa Victoria, na ya Ziwa Turkana yana magadi yanayodhoofisha utando unaoikinga alumini.

Kwa nini pampu huliwa

Pampu nyingi zina hausingi ya alumini, huku impela na shafti zikiwa za stenlesi. Metali mbili tofauti zikiungana ndani ya maji, umeme mdogo hupita kati yake, na ile iliyo dhaifu huliwa. Hapa dhaifu ni alumini. Usitafute wekundu wa kutu ya chuma. Tafuta rangi iliyofura malengelenge. Ukiikwangua utakuta unga mweupe, na chini ya unga, vitundu.

Stenlesi nayo ina udhaifu wake. Huhitaji oksijeni ili ijikinge, hivyo tope likiigandia kwa muda mrefu huanza kutoboka chini ya tope hilo.

Namna ya kusafisha

1. Zima injini, chomoa ufunguo na ufungue waya hasi wa betri. Kabla ya hapo, usiingize mkono kwenye pampu.
2. Ondoa magugumaji, kamba na nyuzi za nyavu. Uzi uliojizungusha kwenye shafti hukata sili, na maji huingia kwenye beringi.
3. Osha kwa maji safi, sabuni ya kawaida na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe ndani ya alumini, na kila chembe huanzisha kutu mpya.
4. Ukoko mweupe wa chokaa ulainishe kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza vizuri. Usitumie asidi ya betri wala dawa ya kuzibulia mabomba. Zote mbili huila alumini.
5. Acha maji yachuruzike yote, kisha kagua ndani kwa tochi.

Penye vitundu vidogo, piga msasa hadi metali ing'ae, futa mafuta, na upake praima ya alumini mara moja kabla ya rangi. Usipake kamwe rangi yenye shaba. Huongeza kasi ya alumini kuliwa. Vitundu vikiwa virefu, mwite fundi.

Anodi: kosa linalowagharimu wengi

Anodi ni kipande cha metali kinachofungwa ili kiliwe badala ya pampu. Mbinu hii si ngeni: mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kuwa zinki au chuma huweza kuikinga shaba iliyofunika matumbo ya meli.

Anodi ya zinki ni ya baharini. Katika maji baridi hujivika ukoko na kuacha kufanya kazi, huku mwenye boti akifurahi kwamba haiishi. Kwa ziwa na mto wa maji baridi, chagua magnesiamu. Kwa boti inayofika kwenye midomo ya mito, ambako maji yana chumvi kiasi, alumini ya anodi inafaa zaidi. Magnesiamu usiipeleke baharini, kwani huisha upesi.

Safisha mahali pa kufungia hadi metali iguse metali. Usiipake anodi rangi, na uibadilishe inapobaki nusu. Isipopungua hata kidogo baada ya msimu mzima, mwambie fundi apime kwa mita kama imeungana vizuri na pampu.

Grisi na nyaya

Tumia grisi isiyoyeyuka majini, na uisukume hadi ya zamani itoke yote. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Badilisha sili kabla beringi haijafa. Bolti za stenlesi zinazoingia kwenye alumini zipake grisi kabla ya kukaza, la sivyo zitagandamana. Kagua pia nyaya za betri: waya uliochubuka na kugusa maji ya ndani ya boti unaweza kuitoboa pampu kwa muda mfupi kuliko kutu ya kawaida.

Bei ya anodi ni ndogo sana ukilinganisha na ya hausingi mpya. Kabla ya safari yako ijayo, angalia iliyofungwa kwenye pampu yako: ikiwa ni ya zinki, na boti yako haitoki ziwani, ibadilishe.