Mke Anapoumwa Viungo
Mke aliyetibiwa saratani ya matiti huenda akaandikiwa vidonge vya kupunguza homoni kwa miaka mitano au zaidi. Vidonge hivyo huweza kuleta maumivu ya viungo, hata atamani kuviacha. Bwana, usimwite mvivu. Mwaka 2018 utafiti uliohusu wanawake 226 nchini Marekani ulionyesha kuwa tiba ya Kichina ya sindano nyembamba zisizo na dawa, kwa majuma 12, ilipunguza maumivu hayo kiasi. Lakini sindano haziponyi saratani, wala si badala ya vidonge. Mwoneni daktari kwanza, nyote wawili.

Zungumzeni: Juma hili, mume atampunguzia mkewe kazi ipi ya mikono?