Kabla Hujaitupa Mashine ya Kufulia

Muhula uliopita, wiki ya kwanza ya mitihani, mashine ya mama mdogo ilianza kulia. Ikifika kwenye kukamua nguo inanguruma kama bajaji inayopanda mlima na abiria watano. Mama mdogo anawafulia wanachuo nguo hapa nyuma ya hosteli, na sehemu ya ada yangu inatoka kwenye mashine ile. Ilikuwa na miaka minne tu. Alipowapigia simu pale aliponunua, jibu likawa fupi: "Nunua nyingine."

Ikabidi nijifunze. Nayaleta hapa niliyojifunza kwa sababu wengi wetu tutanunua mashine hizi tukianza kazi, na baadhi yenu kule uhandisi ndio mtakaozibuni.

Anza na vya bei ndogo

Mashine ikigoma, usikimbilie kusema bodi imeungua. Chomoa umeme, funga koki, kisha angalia haya.

Maji hayaingii. Nyuma ya mashine, pale mpira wa maji unapofungwa, kuna kichujio kidogo cha wavu. Mchanga na kutu ya mabomba hukiziba. Kitoe, kisugue kwa mswaki, kirudishe. Kama bado, piga hesabu. Mashine nyingi zinataka shinikizo la maji lisilopungua bar 0.5. Kimo cha maji cha mita 10 hutoa takriban bar 1. Tanki lako likiwa mita 3 juu ya mashine, unapata kama bar 0.3 tu. Hapo mashine ni nzima, tanki ndilo liko chini mno.

Maji hayatoki. Kwenye mashine nyingi za mlango wa mbele kuna kifuniko kidogo chini, na ndani yake kichujio cha pampu. Tandika tambara, weka beseni, fungua taratibu. Utakuta sarafu, vifungo, hata soksi ya mtoto.

Ngoma haizunguki. Kama mota ni ya burashi za kaboni, burashi hizo huisha kidogo kidogo kama kifutio cha penseli. Fundi anabadilisha zote mbili kwa pamoja, kazi imekwisha. Mota za inveta hazina burashi, na hilo ni jambo zuri, lakini haziendi bila bodi ya kuziongoza. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ndiyo inayoumia, na bei ya bodi haifanani kabisa na ya burashi.

Kitu kidogo kisichofikika

Tatizo la mama mdogo halikuwa katika hayo. Lilikuwa beringi. Ngoma ya chuma inayobeba nguo huzunguka ndani ya pipa la plastiki linaloshika maji. Shafti ya ngoma imeshikwa na beringi nyuma ya pipa, na kuna sili ya mpira inayozuia maji yasizifikie. Sili ikichoka, maji yanapenya, grisi inaoshwa, beringi zinashika kutu. Ndipo kelele inaanza.

Mashine za zamani zilikufa kwa ugonjwa huohuo. Tofauti ni kwamba pipa lao lilikuwa vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti au klipu. Fundi alilifungua, akagonga beringi zilizokufa, akaweka mpya. Siku hizi mapipa mengi yameunganishwa kwa kuyeyushwa plastiki. Beringi bado ni bei ya chakula cha siku chache kantini, lakini huwezi kuifikia. Unauziwa pipa zima na ngoma yake, na ukijumlisha ufundi unajikuta karibu na bei ya mashine mpya.

Je, zamani vitu vilikuwa imara zaidi?

Tusikubali haraka. Kila mtu ana bibi mwenye friji ya miaka 30. Lakini zile friji za rika lake zilizokufa mapema zilishatupwa, hatuzioni. Wenzetu wa takwimu wanalijua kosa hili la kuhesabu walionusurika tu.

Hata hivyo, namba zipo. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Ujerumani na Öko-Institut, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba vifaa vikubwa vya nyumbani vilivyobadilishwa kwa kuharibika kabla ya miaka 5 vilipanda kutoka asilimia 3.5 mwaka 2004 hadi asilimia 8.3 mwaka 2012. Watafiti hao hawakupata ushahidi wa njama ya makusudi. Njama ziliwahi kuwepo kweli: mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu zilipatana Geneva kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000. Ila kwa mashine za kufulia, mimi naona sababu kubwa ni ushindani wa bei. Pipa lililoyeyushwa ni rahisi kuliunganisha kiwandani, na mnunuzi dukani haulizi.

Umoja wa Ulaya umejaribu kuuliza kwa niaba yake. Tangu Machi 2021 mtengenezaji anatakiwa kuwapa mafundi vipuri vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10. Beringi zimo kwenye orodha, lakini sheria inaruhusu ziuzwe peke yake au pamoja na ngoma. Mwanya ni uleule.

Tulivyomaliza

Nilimfuata fundi mmoja wa mtaani. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu. Kelele imeanza lini?" Akaja, akalitoa pipa, akaligeuza mara mbili. "Mama, hili halifunguki. Naweza kulikata, ila nisikudanganye, linaweza kuvuja. Unasemaje?"

Mama mdogo alinyamaza kidogo. "Kata."

Fundi alitoboa kwanza matundu ya boliti kuzunguka ukingo wote, ndipo akakata kwa msumeno wa chuma kufuata mstari wa kiungo. Namba za beringi zimeandikwa ubavuni mwake, na ni namba za kawaida zinazopatikana kwenye duka la beringi. Akaweka beringi mpya na sili mpya, akapaka silikoni, akafunga boliti, akaiacha ikauke hadi kesho yake. Tulipojaza maji, boliti moja ilidondosha matone. Akaikaza, ikaacha. Ada ya muhula huu imelipwa.

Kwa hiyo ukienda dukani, uliza maswali matatu: pipa linafunguka? Bodi inauzwa peke yake? Vipuri vinapatikana hapa mjini? Muuzaji akikosa jibu, mpigie fundi wako kabla hujatoa hela.

Na zoezi la wiki hii: pima kimo kutoka mashine ya hosteli yenu hadi kwenye tanki, ukokotoe shinikizo. Huenda ile mashine mnayoilaani kila Jumamosi haina kosa lolote.