Mashine ya Kukimbilia Nyumbani: Je, Inalingana na Mazoea Yako ya Mazoezi?

Mtu anayegunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu au kisukari kwa kawaida huondoka kliniki na maagizo mawili: dawa na mazoezi. Dawa huanza siku ileile. Mazoezi huahirishwa, na miongoni mwa sababu zinazotolewa siku hizi ni hii: "Nasubiri kununua mashine." Makala haya yanamsaidia msomaji, hasa mkazi wa Tunduma na mkoa wa Songwe, kupima kama mashine ya kukimbilia inamfaa, kabla hajatoa fedha ambazo zingeweza kuwa ada ya mtoto au mtaji wa duka.

Kiasi kinachohitajika

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea kwa haraka ni zoezi la wastani: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la awali kwamba kila kipindi kifike dakika 10. Hata vipindi vifupi huhesabiwa.

Mazingira yetu

Katika mji wa Tunduma, barabara kuu iendayo Zambia hubeba malori mengi, na anayetembea kando yake huvuta moshi na vumbi. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili huleta tope, na alfajiri za Juni na Julai huwa na baridi. Wakala wa forodha aketiye ofisini mchana kutwa, au mama mwenye duka anayefunga giza likiwa limeingia, anaweza kukosa kabisa saa na njia salama ya kutembea. Kwa watu kama hawa, mashine ina hoja. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anayelima kwa jembe na kutembea shambani kila siku yuko katika hali nyingine. Huenda tayari anavuka kiwango hicho.

Jaribio la wiki nne

Daktari hutafuta chanzo cha homa kabla ya kuandika dawa. Fanya vivyo hivyo. Kwa wiki nne, panga kutembea nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa saa ileile ambayo ungetumia mashine. Kila siku unayokosa, andika sababu katika daftari.

Mwisho wa wiki ya nne, soma sababu hizo. Ikiwa nyingi ni mvua, giza, malori au usalama wa njia, kikwazo chako kiko nje ya nyumba, na mashine itakiondoa. Ikiwa nyingi ni uchovu, kukosa muda au kuchoshwa na zoezi lenyewe, kikwazo kitakufuata hadi sebuleni, na mashine itaishia kutundikiwa nguo. Na kama hukukosa siku nyingi, tayari unayo mazoea. Endelea bila gharama.

Mambo ya kukagua kabla ya kununua

1. Umeme. Mashine inayotumia wati 1,000 humaliza nusu uniti ya LUKU kwa dakika 30. Hatari kubwa zaidi ni umeme kukatika ukiwa unakimbia, kwa kuwa mkanda unaweza kusimama ghafla. Kimbia kwa kasi unayoimudu, karibu na vishikio.

2. Nafasi na watoto. Acha nafasi ya wazi nyuma ya mashine. Anayeanguka husukumwa huko. Mkanda unaozunguka huweza kuunguza na kuchuna vidole vya mtoto. Chagua mashine yenye ufunguo wa usalama, ufunge kwenye nguo unapofanya mazoezi, na uufiche baada ya hapo.

3. Mwili wako. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni yuko katika hatari zaidi ya kuanguka na kupata vidonda. Avae viatu vinavyomtosha na akague nyayo kila siku. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza. Anayetumia dawa kama atenololi au propranololi asitegemee namba ya mapigo ya moyo inayoonyeshwa na mashine, kwa sababu dawa hizo hupunguza mapigo. Atumie kipimo cha kuzungumza. Mwenye maumivu ya goti anaweza kufaidika zaidi na baiskeli.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida ni ishara ya kusimama mara moja na kwenda kituo cha afya. Aliyewahi kupata dalili hizo, au mwenye ugonjwa wa moyo, amwone daktari kabla ya kuanza.

Hitimisho

Mashine huondoa mvua, giza na vumbi. Haiondoi uzembe wala haitengi muda. Inamfaa aliyekwisha kujenga mazoea na kuzuiwa na mazingira. Msomaji ambaye bado hajaanza anashauriwa aanze leo kwa dakika 10 za kutembea uani au mtaani, na daftari lake limwongoze kama kuna haja ya kununua.