Bustani ya Mboga Gikundamvura, na Daftari Lake



Nimeombwa niandike jambo lenye mafunzo katika sehemu hii ya Kiswahili. Nimechagua bustani ya mboga tuliyoianzisha katika shule moja ya msingi kwetu Gikundamvura wakati wa likizo kubwa iliyopita. Nitaeleza kwa nini bustani ilitakiwa, jinsi tulivyopata fedha, na mwisho kosa langu mwenyewe, maana kosa hilo lilinifundisha kuliko yote tuliyofanya vema.

Mahali penyewe

Gikundamvura imo katika wilaya ya Rusizi, upande wa Rwanda uliojulikana kwa jina la Cyangugu. Jirani yake ni uwanda wa Bugarama, wenye joto jingi na mashamba ya mpunga. Kongo na Burundi haziko mbali. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika sokoni kwetu zamani, kabla Bunge halijakifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Mvua huanza mwezi wa Septemba, na tangu Juni hadi Agosti ni kiangazi. Shule nazo hufunguliwa Septemba. Basi mtu anayetaka watoto wale mboga mara shule zinapofunguliwa, hana budi kupanda katika kiangazi na kumwagilia kwa mkono.

Kwa nini bustani

Mwaka 2021 mpango wa chakula cha mchana ulipanuliwa ufike katika shule za msingi nchini kote. Mwaka uliofuata mchango wa mzazi wa mtoto wa shule ya msingi ukawekwa faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa ya gharama ikachukuliwa na serikali. Jambo hili ni jema sana. Lakini fedha hizo hununua kwanza vyakula vya kushibisha, yaani unga, mchele na maharage. Mboga huja mwisho, na pengine haziji.

Maharage yana madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi yakiliwa pamoja na vyakula vyenye vitamini C, kama nyanya na kabichi. Karoti na majani ya dodo yana vitamini A, ambayo hulinda macho. Mtoto aweza kushiba kila siku na bado akakosa vitu hivyo.

Wazo la shamba la shule si geni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule Tanzania iwe na shamba au kazi ya kuisaidia. Huko Kenya vyama vya 4-K vilianza kufundisha watoto kilimo mnamo mwaka 1962.

Jinsi tulivyopata fedha

Tulikuwa wanafunzi tisa wa sekondari tuliorudi likizo. Kwanza tulimwendea mwalimu mkuu, tukapima uwanja nyuma ya jiko: matuta 12, kila moja mita 10 kwa urefu. Halafu tukaandika orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vitu visivyohitaji fedha: samadi, miti ya ua, na nguvu za kulima. Hivyo tuliviomba kwa wazazi, nao walikuja kwa wingi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Orodha ya pili ilikuwa hii:

Mbegu: faranga 18,000
Majembe 4: faranga 18,000
Keni 3 za kumwagilia: faranga 21,000
Mbao na misumari ya lango: faranga 8,000
Jumla: faranga 65,000

Nawashauri wenzangu waanze na orodha kama hii. Mtu ukimwambia, "Tusaidie bustani," atakujibu kwamba atafikiri. Ukimwambia, "Bado jembe moja, ni faranga 4,500," huenda akatia mkono mfukoni.

Kisha tulikwenda kubeba mpunga siku tatu, ujira faranga 1,500 kwa siku. Kila mmoja alitoa nusu ya ujira wake, tukapata faranga 20,250. Baada ya hapo tuliwaandikia watu saba waliosoma shule ile zamani, walioko Kamembe na Kigali. Tuliwapelekea ile orodha, tukawaeleza na kazi tuliyokwisha kufanya kwa mikono yetu. Wote saba walijibu, wakatuma faranga 42,000. Zilizopungua zilikuwa faranga 2,750 tu.

Kosa langu

Fedha hizo zilitumwa kwa simu, na simu ilikuwa yangu. Mimi ndimi niliyekuwa mtunza fedha. Katika simu ile zilikuwamo pia faranga zangu chache, wala sikuandika zipi ni zangu na zipi ni za bustani. Siku moja nilinunua viatu vya shule, siku nyingine nikalipa nauli. Kila mara nilijiambia, "Nitarudisha." Sikudhani kwamba naiba.

Wiki ya pili ya Agosti wazazi walikutana shuleni. Mzee mmoja alisema kwa upole, "Kijana wangu, tusomee daftari." Nikasimama. Daftari lilikuwa na mapato, lakini matumizi hayakuwamo. Tulihesabu mbele ya watu wote, ikaonekana faranga 9,000 hazipo. Nilisema, "Mzee, nimezitumia mimi." Mama yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele, aliinamisha kichwa.

Hawakunifukuza. Walinunua mbegu, majembe na mbao, na fedha zilizosalia zikatosha keni moja tu, badala ya mbili ambazo tungepata. Keni moja haikuweza kuyazungukia matuta 12 asubuhi na jioni, basi matuta mengine tulimwagilia kwa madumu. Mbegu za karoti ni ndogo sana, hufunikwa kwa udongo kidogo tu. Maji ya dumu huanguka kwa nguvu, yakazichimbua na kuzichukua. Dodo ilistahimili, ikaliwa Septemba. Matuta manne ya karoti hayakuota kitu.

Nilibeba mchanga wa ujenzi siku nane, nikazirudisha faranga 9,000 zote kabla sijarudi shuleni. Keni ya pili ikanunuliwa, na mwalimu mkuu alisema karoti zitapandwa upya wakati wa mvua. Lakini wale wadogo waliokuja siku ya kwanza ya muhula hawakuzikuta.

Mafunzo

1. Fedha za watu zisikae pamoja na fedha zako hata usiku mmoja.
2. Watunza fedha wawe watatu: mmoja ashike fedha, wa pili ashike daftari, na wa tatu akague kila wiki. Hivyo ndivyo wazazi walivyoamua baadaye.
3. Andika siku ile ile, hata ikiwa ni faranga 100 za msumari.
4. Waliotoa wapelekewe hesabu, pamoja na habari za hasara. Niliwaandikia wale saba na kuwaeleza yote. Watano wamenijibu, na mmoja ametuma fedha za keni ya tatu, ila safari hii amezituma kwa mwalimu mkuu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimeiandika methali hiyo katika mtihani wa Kiswahili, nikapata alama zote.

Ninyi mliomaliza hapa zamani, mkiombwa msaada na vijana wa shule za vijijini kwenu, wapeni. Lakini waombeni na daftari. Kufanya hivyo si kuwadharau. Mimi ningaliombwa mapema, karoti zingaliota.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita