Mchungwa unakauka kuanzia nchani? Shika msumeno kabla ya bomba

Ukiona matawi ya mchungwa yanakauka kuanzia nchani kurudi shinani, usikimbilie dawa. Tawi lililokufa halifufuki, na ukungu umejikita humo ukingoja mvua usambae. Kata kwanza.

Chagua siku kavu, mavuno yakiisha. Wewe wa Muheza au Kilifi, maliza kazi kabla ya masika. Kwangua gome kwa kisu: pakiwa kahawia, ugonjwa umefika; pakiwa kijani, tawi ni zima. Ingia sentimita 10 hadi 15 ndani ya sehemu nzima, ukate mshazari maji yasituame. Futa msumeno kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Matawi uliyokata yachome siku hiyohiyo.

Sasa ziba vidonda kwa uji wa Bordeaux. Yeyusha mrututu (kopa salfeti) kilo 1 katika lita 5 za maji, na chokaa kilo 1 katika lita 5 nyingine. Tumia ndoo za plastiki, maana mrututu hula chuma. Mimina mrututu kwenye chokaa taratibu huku ukikoroga. Kisha chovya msumari msafi kwa dakika moja. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza mti. Una miti michache? Gawanya kila kipimo kwa 10. Uji haulali; utumie leo.

Machipukizi yakitoka, nyunyizia majani. Hapa kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa zinatosha lita 100 za maji. Ukinunua dawa ya kopa dukani, fuata kipimo cha lebo. Vaa glavu, miwani na barakoa.

Ardhini tumia Trikoderma, ukungu rafiki unaopambana na ukungu mbaya. Ni kiumbe hai, kwa hiyo kagua tarehe ya mwisho na usiiache juani. Ichanganye na samadi iliyooza vizuri, yenye unyevu, na uiweke kivulini wiki mbili. Tandaza chini ya matawi bila kugusa shina, ufunike kwa nyasi kavu. Usimwage kopa hapo, utaiua Trikoderma.

Kiangazi, mwagilia. Mti wenye kiu ndio ukungu huuvamia kirahisi.

Mvua zikianza, kagua upya. Panapoendelea kukauka, kata tena. Ukikuta shina linatoa gundi karibu na ardhi na gome linaoza, huo ni ugonjwa mwingine: mwite bwana shamba auone.