Mahali Pamoja, Mwaka Mzima



Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni, mwezi wa Oktoba huleta ugomvi juu ya mbegu. Mume aliye kazini Nairobi hupiga simu na kuagiza, "Pandeni sasa." Mke aliyebaki shambani hujibu, "Baba, bado. Dalili sizioni." Mbegu ni ile moja, na fedha ya kununua nyingine haipo. Wakikosea, watoto watakosa chakula, na lawama zitalala nao kitanda kimoja.

Wengi hudhani dawa ni kuamua nani mwenye amri. Sisi twawashauri jambo jingine: chagueni mahali pamoja mnapopapenda, mkapatazame pamoja mwaka mzima.

Pawe wapi?

Si lazima pawe mbali. Kivuli cha mgunga chatosha, au mbuyu wa mpakani, au ukingo wa mto wa mchanga. La muhimu ni kurudi pale pale. Macho yaliyozoea mahali ndiyo huona kilichobadilika.

Mtaona nini?

Januari na Februari ni joto. Maembe yanaiva, kunde na ndengu zinavunwa. Machi hadi Mei ni mvua ndefu, ambazo kwetu mara nyingi ni haba kuliko jina lake. Kisha Julai huja na baridi na mawingu yasiyonyesha, na mbaazi zilizopandwa Oktoba zinakomaa. Septemba mto umekauka juu, watu wanachimba mchanga kutafuta maji, na mbuyu umesimama bila majani. Lakini angalieni vizuri: miti mingine huanza kuchipua kabla ya tone la kwanza. Mvua ikishanyesha, kumbikumbi huruka. Hizi mvua fupi, za Oktoba hadi Desemba, ndizo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi.

Dalili si ahadi. Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ilishindwa mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Kwa hiyo sikilizeni pia utabiri wa hali ya hewa redioni. Hata hivyo, mkiwa mmetazama pamoja, msimu ukishindwa hakuna wa kumwambia mwenzake, "Ni wewe."

Fundisho la mto

Bwawa la mchanga ni ukuta uliojengwa kukinga mto. Kila mafuriko huacha mchanga nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, mahali jua lisipoyafikia kwa urahisi. Mgeni akipita husema mto umekufa. Mwenyeji huchimba.

Mwenzi aliyenyamaza asidhaniwe upesi kuwa hana upendo tena. Pengine amechoka, pengine ana deni ambalo hajalisema. Anayemtazama kila juma hugundua mapema, kabla kimya hakijawa ukuta.

Namna ya kufanya

1. Tengeni nusu saa kila juma, kwa mfano Jumapili jioni. Simu ibaki nyumbani.
2. Wekeni daftari. Andikeni tarehe, hali ya miti, ndege waliojenga viota, na kina cha maji katika shimo la mchanga. Kila mmoja aandike mstari wake.
3. Mume akiwa mbali, mke amsomee daftari kwa simu, naye asikilize kabla ya kuagiza. Akirudi likizo, waende wote wawili.
4. Nusu saa hiyo msizungumzie madeni wala mashemeji. Anzeni na mnachokiona. Mengine yatakuja yenyewe.
5. Septemba ikiisha, fungueni daftari mkaamue pamoja: mbegu kiasi gani ipandwe katika udongo mkavu kungojea mvua, na kiasi gani iwekwe akiba, mvua ya kwanza ikidanganya.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili

- Ni badiliko gani la shamba letu ambalo mwenzangu huliona kabla yangu?
- Ni badiliko gani ndani yangu ambalo ningependa alione bila kuambiwa?
- Msimu uliopita tuliamua pamoja, au mmoja aliamua na mwingine akanyamaza?

Jibuni la tatu polepole. Huenda hapo ndipo maji yalipo.