Kiungo cha Mpira wa Mafuta Kinapovuja

Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika bonde la Ruzizi, ng'ambo ya mpaka wetu, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika na kuwaka. Zaidi ya watu 230 walifariki. Hata hivyo, bado tunaona mipira ya kushushia petroli ikifungwa kwa vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli. Petroli huvimbisha na kulainisha vipande hivyo hadi vilegee. Mvuke wake, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kufika penye jiko la makaa.

Kabla ya kushusha, kagueni washa ya kiungo. Iliyokauka au kupasuka ibadilishwe kwa nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Ncha ya mpira iliyochakaa ikatwe, baada ya mafuta yote kumwagwa na mpira kupelekwa mbali na tangi, kisha ikazwe kwa vibano vya chuma. Kiungo kikivuja kazini, fungeni kwanza vali ya tangi. Nati isikazwe mafuta yakiwa yanapita. Ndoo inayotegwa chini, desturi tunayoikuta mara nyingi, huongeza mvuke tu. Mpira uliopasuka katikati usiungwe kabisa.